Mgambo wa Kwemzinga

Asubuhi ya sherehe, nyumba ya Zaina Shekalaghe ilifurika watu hadi uani, na mwenye nyumba alikuwa amejifungia chumba cha nyuma, anamkodolea macho kiwavi mweusi kwenye kisahani cha kioo.

Nyumba kufurika haikuwa ajabu. Zaina, shahidi wa wadudu wa bonde lile, alikuwa mtu wa watu. Kama una neno linakuwasha ulimi, ulilipeleka kwake; kama huna, ulikwenda kuchota pale. Birika lake halikuwahi kupoa. Mashahidi wa wadudu wa mabonde mengine ni watu wakimya, wanaishi na darubini zao kama watawa. Zaina alifanya kazi mlango wazi, jicho moja kwenye mguu wa panzi, sikio dirishani: "Enhe, na huyo mume akajibu nini?" Alizoea kujisifu kwamba wenzake wana macho mawili mawili, yeye ana macho ya bonde zima.

Ajabu ilikuwa mlango kufungwa. Shangazi yake, Bi Mwanshamba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kuku, alikuwa anaugonga kwa kiganja.

"We Zaina! Wageni wanauliza bibi harusi yuko wapi!"

"Nakuja, shangazi. Navaa."

Alikuwa ameshavaa zamani. Hata wanja alishapaka.

Kiwavi yule ni wa kawaida sana Kwemzinga. Mvua za vuli zikishiba, wanatoka ardhini kwa mamia, weusi, laini, wana manyoya mafupi yanayong'aa, ndiyo maana watu wanawaita mahameli. Zaina alikuwa anasafisha meza ili wageni wapite wamwone mbawakawa wao mpya, yule anayefanyiwa sherehe, akamkuta mmoja amejikunja kwenye kona. Badala ya kumtupa nje, akampitisha kwenye kisomaji, kwa mazoea tu, kama mtu anayepangusa kiti ambacho hakina vumbi. Kisomaji kikanyonya tone la maji ya mwili wake, kikaguna, kikasema kwa ile sauti yake ya adabu:

"Anafahamika. Mbawakawa-askari wa Kwemzinga. Umri: mtoto."

Zaina akacheka. Akajua sindano ina uchafu. Akaiosha kwa spiriti, akachukua mahameli mwingine dirishani.

"Anafahamika. Mbawakawa-askari wa Kwemzinga. Umri: mtoto."

Hapo hakucheka. Akaweka kwenye kisahani jani bichi la mharage, na kando yake sota, kile kiwavi kinono cha kijivu kinachokata miche shinani. Mahameli akapita juu ya jani kama mtu anavyopita juu ya mkeka. Akamfikia sota, akamng'ata shingoni, akatulia naye hapo akimfyonza, polepole, mpaka sota akawa gamba tupu.

Nje, juu ya matuta, Mfagio ulikuwa unavuma.

Mtu aliyezaliwa Kwemzinga miaka hii hausikii uvumi ule, kama asivyosikia pumzi zake. Ni vijimashine, kila kimoja hakizidi punje ya ulezi, vinapaa pamoja kama moshi wa jikoni, vinafagia mashamba toka mtoni hadi kileleni. Kila mdudu vinamkagua na kumuuliza swali moja tu: nani amekushuhudia? Kama yupo binadamu aliyesema huyu ni rafiki, vinampita. Kama alisema huyu ni adui, vinamchoma mara moja, anadondoka. Zamani Mfagio ulijiamulia wenyewe. Ndipo mwaka mmoja ukawaona nyuki ni maadui, na kutoka milimani mpaka tambarare maboga yakatoa maua yakapukutika, watu wakala mizizi. Tangu hapo sheria ikawa moja: mashine haiui wala haisamehe bila neno la mtu aliyemtazama mdudu yule kwa macho yake.

Kwa macho yake. Zaina akajikuta ameketi sakafuni, gauni jipya na yote.

Kwa sababu neno lililokuwa linawaua mahameli huko nje lilikuwa lake.

*

Mbawakawa mwenyewe, Zaina alimtazama vizuri, hilo tusimnyime. Alimkuta kwenye maua meupe ya giligilani iliyoachwa ikakomaa, amekaa wazi mchana kweupe bila woga. Mwili mrefu, mabawa ya juu si magumu kama ya mbawakawa wengine, ni laini kama ngozi iliyolowa. Rangi ya kaki. Shingoni kola nyekundu yenye doa jeusi katikati, mfano wa mhuri. Wenyeji walikuwa wakimwita mgambo, kwa ajili ya kaki na kola yake, na kwa tabia yake ya kusimama kwenye ua anakagua wapitao huku anakula vidukari. Zaina alihesabu vipingili vya papasi, zile pembe za kichwani, akapima makucha, akalinganisha na mbawakawa-askari wote wanaojulikana. Hakufanana na hata mmoja.

Ila ndugu hawa wanafanana mno kwa sura. Kuwatofautisha kwa hakika ni lazima umpasue dume na uangalie maumbile yake chini ya darubini, maana kila aina ina umbo lake, kama kufuli na ufunguo. Siku ile kazi hiyo inafanyika, Mzee Sempombe alikuwa barazani. Huyu alikuwa fundi wa vituo vya Mfagio, Mzigua kutoka Handeni, na kwa hiyo mtani wa Wasambaa wote wa bonde lile.

"Hebu tazameni!" alipiga kelele. "Mwanamke wa Kisambaa kasoma mpaka kichwa kimevimba, kumbe anakwenda kuchungulia uchi wa mende!"

"Wa Kizigua ungeonekana bila darubini?" Zaina alimjibu bila kuinua kichwa, na baraza zima likaanguka kwa kicheko.

Ufunguo ukawa mpya. Aina mpya kabisa, haijapatikana kwingineko duniani ila kwenye bonde lile. Zaina akampa jina la kijiji, na watu wakapita wakisalimiana kwa vifua mbele, kama wote wameshiriki kumzaa.

Kilichobaki kilikuwa mtoto. Sheria inataka mdudu ashuhudiwe mkubwa na mdogo, kwa sababu mkubwa anaweza kuwa rafiki na mdogo mwizi. Njia ni moja: kumfuga jike, atage, usubiri. Inachukua msimu. Lakini habari zilishatoka, na Kwemzinga habari ikishatoka hairudi ndani. Bi Mwanshamba alishaalika ukoo. Mwenyekiti wa kijiji alishatangaza siku. Zaina akachimba chini ya giligilani, akapata funza wa rangi ya udongo, akasema huyu ndiye.

Na mahameli? Huyo alikuwa bado hana ushuhuda wowote, na wakulima walitaka aandikwe adui upesi, maana wanamwona kila siku kando ya miche iliyokatwa. Bi Hidaya, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye matuta makubwa kuliko yote, aliapa juu ya kikombe cha chai: "Nimemkuta kwa macho yangu haya, kakaa palepale kwenye mche uliolala. Atakuwa nani mwingine?" Wote wakaitikia. Mmoja akaongeza la kwake, mwingine akatia chumvi, ikawa hadithi tamu. Zaina akazunguka kwenye kiti, akakiambia kisomaji: "Mahameli. Nimemshuhudia. Hula miche ya maharage. Adui."

Nimemshuhudia. Wakati alichoshuhudia ni Hidaya akimeza chai.

Kumbe mahameli alikuwa pale anamla mwizi, na wao wakamkamata polisi.

*

"Nataka kurekebisha ushuhuda wangu," Zaina alinong'ona pale sakafuni.

"Marekebisho husikilizwa na shahidi wa bonde jingine," kisomaji kikajibu. "Nafasi iliyo karibu ni baada ya mavuno."

"Na mpaka hapo?"

"Neno lako linasimama."

Baada ya mavuno kutakuwa hakuna wa kurekebishiwa. Mahameli hutoka juu ya ardhi vuli tu, wote kwa mpigo, na Mfagio ulikuwa unapita asubuhi na jioni. Wakubwa wanaokaa kwenye maua wakishazeeka wakafa, bonde litabaki na jina la mdudu bila mdudu.

"Na nikilifuta?"

"Kufuta hakusubiri. Lakini shahidi anayefuta neno kwa kosa lake, maneno yake yote husimamishwa hadi yakaguliwe. Mfagio wa bonde lake hukosa neno la kufuata. Hutua."

Zaina alilijua hilo. Aliuliza tu kama mtu anavyopapasa jino bovu kwa ulimi. Kila mdudu wa Kwemzinga, tangu mama yake aache kazi hiyo na kumwachia, alishuhudiwa upya na yeye. Na maharage yalikuwa yametoa maua. Mfagio ukitua sasa, vidukari vitapanda mashina kama moto, na inzi wa maharage watafuata. Watu wa bonde lile walishasahau hata namna ya kupambana na wadudu kwa mikono.

Likamjia wazo ambalo baadaye hakumwambia mtu. Akafikiri: nani atajua? Sota watachomwa na Mfagio, watu watavuna, mgambo atapungua taratibu, na vitu hupungua duniani kila siku bila kesi. Kisomaji hakisemi kisipoulizwa. Alilifikiri wazo lile lote hadi mwisho wake, akalikuta halina kasoro, na ndipo aibu ikamshika vizuri, ya kushuka mgongoni kama maji ya baridi.

Dirisha likapigwa kidogo. Kichwa cha Mzee Sempombe kikaingia na kofia yake ya pama.

"Msambaa! Bado hujafa? Mimi nimekuja na sanda begani, nafika nasikia harufu ya pilau. Mnanitia hasara ya safari!"

"Ingia," Zaina akasema. "Ingia kwa dirisha. Usiwaambie."

Sempombe akamtazama usoni, akatafuta jibu la kumtusi, hakulipata. Akapandisha mguu mmoja, kisha wa pili, huku akilaani magoti yake. Zaina akamweleza yote. Akamwonyesha kisahani.

"Kwa hiyo," mzee akasema, "mama umemvisha taji, watoto wake umewapelekea Mfagio."

"Nataka unisemee."

Akaelewa mara moja. Kwa watu wale, aibu nzito haitolewi na mwenye nayo. Mtani ndiye anayesimama mbele ya watu na kuianika, kwa kejeli, kwa matusi, na hairuhusiwi mtu kukasirika. Mjomba wake Zaina aliposogeza jiwe la mpaka wa shamba la mjane, hakuna ndugu aliyethubutu kumwambia. Alisema Sempombe, matangani, huku anacheza ngoma. Watu wakacheka hadi machozi, na kesho yake jiwe likarudi lilikotoka.

"Hili si jiwe, Zaina. Hili ni chakula cha watu."

"Ndiyo mila yenyewe. Waambie nimekosea. Waambie nafuta. Wakishajua, nitafuta."

Mzee akakuna shavu. "Nitasema. Ila kinywa changu mimi kina namna moja tu ya kusema, na wewe unaijua."

"Hiyohiyo."

"Kwa nini usiseme mwenyewe?"

Zaina aligeukia mlango. Alikuwa anasikiliza vicheko vya barazani, sauti moja moja, anazijua zote.

*

Sherehe ilinoga, usiulize. Wanawake walikuwa wametunga wimbo wa mgambo na kola yake, na walikuwa wanauimba kwa mabega. Mbawakawa mwenyewe alikuwa hai ndani ya chupa pana, juu ya kitambaa cheupe, anakagua tawi la giligilani, na kila aliyepita aliinama akamsalimia, "Habari ya kazi, afande?"

Mlangoni kulikuwa na kazi nyingine. Mfagio ulikuwa umepita alfajiri, na njia nzima kutoka barabarani hadi kizingitini ilikuwa nyeusi kwa mahameli waliokufa. Wageni walivua viatu wakavigonga ukutani. Shangazi alishika ufagio wa chelewa akiwasukumia kwenye majani, fungu baada ya fungu, huku anawakaribisha watu kwa mkono mwingine. Zaina alisimama pale akapokea pongezi. Kila aliyemkumbatia aliacha alama nyeusi sakafuni.

Mwenyekiti alihutubia. Kisha Bi Hidaya akainuka bila kualikwa, mwembamba, mchangamfu, kilemba cha manjano.

"Mimi nasema moja tu. Huyu Zaina anasifiwa, anastahili. Lakini ule ushahidi wa mahameli, nani alimpa? Ni mimi! Mimi ndiye daktari wake wa wadudu, mshahara wangu chai!"

Vigelegele. Zaina akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Ndipo Sempombe akasimama katikati, akavuta suruali juu ya kitovu kama askari, na kabla hajafungua kinywa watu walishaanza kucheka.

"Enyi Wasambaa! Watu wa kichwa kigumu na magoti ya kupanda milima! Nimetumwa na mwenye nyumba. Anaona haya kusema, kwa hiyo kanituma mimi nisiyekuwa nayo. Anasema kakosea!"

"Kakosea kukualika!" mtu akadakia.

"Anasema yule mahameli mnayemgonga kwenye viatu ni mtoto wa mgambo. Mmeimba nyimbo za mama huku mnawakanyaga watoto!"

Wakapasuka. Bi Mwanshamba alishika ubavu.

"Anasema hakumwona akila mharage hata siku moja. Alimsikia! Alimsikia kwa Hidaya! Basi Hidaya naye angesema mbuzi wake anataga mayai, leo tungekuwa tunaatamia!"

Hidaya alikuwa wa kwanza kuruka na kumpiga kwa kilemba. Kicheko kikatoka barazani kikazunguka uani.

"Na anasema leo Mfagio unatua! Mtaokota vidukari kwa vidole, mmoja mmoja, kama chawa!"

"Tutakuletea wewe uwatafune!"

Hapo mzee akainua mikono yote miwili. "Jamani," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Nasema kweli."

Hicho ndicho kilichowamaliza. Kwa sababu Sempombe, tangu waanze kumfahamu, kila uongo wake aliufunga kwa maneno hayohayo. Watu walilala juu ya mabega ya wenzao. Shangazi akamfunga kanga kiunoni na kumtoza faini ya kucheza. Sempombe alimtazama Zaina juu ya vichwa vya watu, macho yanauliza.

Na Zaina alikuwa anacheka.

Ilimtoka yenyewe. Nyumba nzima inacheka, na yeye hakuwahi maishani kukaa kimya nyumba ikicheka. Akahisi mzigo unateremka. Wameambiwa. Mila imetimizwa. Kama hawakusadiki, je, hilo ni lake? Akapangusa jicho kwa upande wa kidole ili wanja usiharibike.

Mahameli mmoja aliye hai alikuwa amepanda mguu wa meza. Hidaya akamwona, akamchukua kwa vidole viwili, akamsogeza mbele ya chupa ya mgambo.

"Mama! Mama, mpokee mwanao!" akasema kwa sauti ya mtoto anayelia, na watu wakalia kwa kicheko. Ndani ya chupa mbawakawa akageuza papasi. Kisha Hidaya, bado anacheka, akambinya kiwavi kwa ukucha juu ya kitambaa cheupe.

"Ni kweli," Zaina akasema.

Hawakusikia. Akarudia. Kicheko kikapungua upande mmoja, kikaendelea upande mwingine, kama mvua inayohama.

"Mtani wangu hakutania. Mimi nilimtuma. Nilimtuma kwa sababu nilijua mtacheka." Hilo la mwisho hakulipanga, lilitoka, na alipolisikia akajua kwamba ni kweli tupu. "Mahameli ni mtoto wa mgambo. Nimepima leo. Anakula sota, hali maharage. Nilisema nimeona, na sikuona kitu. Nilisikia hapa, kwenye chai."

Hidaya alikuwa anaangalia ukucha wake.

"Una maana mimi ni mwongo?"

"Hapana. Wewe ulisema ulichokiona, kiwavi kando ya mche. Kumtazama anafanya nini pale ilikuwa kazi yangu. Niliona uvivu. Niliona sherehe inanisubiri."

"Haya, si utarekebisha tu?" Mwenyekiti akaingilia kwa upole, kama anayemwokota mtu aliyejikwaa. "Mwanadamu hukosea, mama. Utarekebisha, tule."

"Marekebisho ni baada ya mavuno. Watakuwa wameshakwisha. Hawapo kwingineko duniani, nilipima mwenyewe. Kwa hiyo nafuta."

Wakulima wale si wajinga. Ilichukua muda mfupi tu. Aliona uso baada ya uso ukielewa, na kila uso ulipoelewa ulihama kwake ukaenda dirishani, kwenye matuta yaliyokuwa meupe kwa maua ya maharage.

"Zaina." Hidaya alisema polepole. "Mimi nina watoto wanaokula kule. Kwa ajili ya mdudu?"

"Nimewaua kwa neno nililoliokota. Siwezi kuwamaliza kwa neno hilohilo huku nalijua."

"Tuulize, basi! Tupige kura! Hata kutuuliza?"

Zaina angewauliza, wangekataa, na kukataa kwao kungekuwa mahali pazuri pa kujificha. Alilijua hilo. Alijua pia kwamba si haki. Vitu vyote viwili vilikuwa kweli, na hakuna kilichomsaidia kingine.

"Siwaulizi," akasema, akageukia mlango wa chumba cha nyuma. "Kisomaji. Mimi Zaina Shekalaghe. Nafuta neno langu juu ya mahameli. Kosa ni langu."

"Jina la mbawakawa wa Kwemzinga lilisimama juu ya ushuhuda wa mtoto asiye wake," kisomaji kikasema kwa adabu yake. "Nalo linafutwa?"

Bi Mwanshamba akatoa sauti ndogo.

"Nalo."

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha juu ya bati kukaanza mlio kama mtu anamwaga ulezi kutoka kwenye ungo, mwepesi, ukazidi, ukaenea kwenye mapaa ya jirani, majani ya migomba, njia, uwanja. Mfagio ulikuwa unatua. Ulipokwisha, watu wazima waliozaliwa chini ya uvumi ule wakashika masikio, kwa sababu hawakujua kwamba bonde lao lina ukimya wa aina ile.

*

Hawakumtukana. Laiti wangemtukana. Waliinuka mmoja mmoja wakatafuta viatu vyao, na waliokuwa na watoto wakawashika mkono. Mmoja aliuliza kama majivu bado yanafaa kwa vidukari. Mwingine akasema bibi yake alitumia majivu na pilipili. Wakaondoka wakizungumza hayo. Hidaya aliacha kilemba chake juu ya kiti na hakurudi kukichukua. Masufuria ya pilau yalikuwa hayajafunuliwa. Shangazi alikaa jikoni, kimya, na yule mwanamke kukaa kimya ilikuwa kama msiba ndani ya nyumba.

Zaina akafungua chupa, akamwachia mgambo dirishani. Akaruka vibaya, kama wanavyoruka, akatua kwenye ua la kwanza lililokuwa karibu.

Sempombe peke yake alikuwa bado mlangoni, anafungua ile kanga kiunoni, anaikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akaiweka juu ya kiti.

"Haya," Zaina akasema. Alijaribu kutabasamu. "Sema. Msambaa kavunja ngoma yake mwenyewe. Msambaa kapika pilau la kula peke yake."

Mzee alikuwa anatafuta viatu.

"Nitukane basi, mtani. Nakuomba. Hata kidogo tu."

Sempombe akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Tangu amfahamu, hakuwahi kumwita kwa jina lisilo na tusi mbele au nyuma yake, isipokuwa asubuhi ile chumbani.

"Pole sana, Bi Zaina," akasema, taratibu, kwa heshima yote, kama mtu anavyosema na mgeni. "Mungu akutie nguvu."

Akashuka ngazi. Njiani walikuwa wameshaanza kutoka wapya, mahameli walio hai, wanapita juu ya wenzao, na mzee akaenda pembeni pembeni, kofia bado mkononi, akitazama pa kuweka kila mguu.